Kiingereza cha Kumtania Mjukuu

Mama alianza kujifunza Kiingereza uzeeni, miwani ikiwa imeshafungwa kwa uzi, kwa sababu moja tu: alichoka kuongea na mjukuu wake kwa mdomo wa kaka.

Kaka alioa mbali, nchi ya baridi, na mtoto wao hakujua neno la Kiswahili. "Mwalimu wake amesema tusimchanganye," alituambia, na sisi tukanyamaza, maana mwalimu akishasema, nani atabisha? Kila Jumapili mchana alipiga simu ya picha. Mama aliacha cherehani, akajifuta uso, akakaa wima mbele ya simu kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Alimsimulia mtoto habari za paka aliyezaa kwenye kapu la vitambaa, za upepo uliobeba bati la jirani, za sare za shule zilizomjaa mezani. Kaka aligeuka, akamwambia mtoto maneno mawili matatu. Mtoto akatikisa kichwa.

"Nimempa kikapu kizima, wewe umempelekea kiganja," mama alisema siku moja.

"Nimemweleza yote, mama."

"Yote gani? Paka wangu yuko wapi hapo?"

Simu ilipokatika alinigeukia. "Wewe si ulimaliza sekondari? Ile ada ilikwenda wapi? Nifundishe."

Tulisomea hapo hapo kwenye kibanda cha ushonaji, mimi nikikata, yeye akishona. Sikutaka kumchosha na nyakati za vitendo, za jana na juzi. Nikachagua yale maneno madogo yanayotangulia kitendo, kwa sababu ndiyo yanayotumika nyumbani kutwa nzima: "can" la kuweza, "may" la kuomba ruhusa, "must" la lazima, "should" la kushauri, "might" la huenda. Ukiwa nayo, na vitendo vichache kama kula, kulala, kuruka na kuja, unaweza kuongea na mtoto mpaka achoke yeye.

Aliyapenda kwa sababu hayageuki. "Mimi can, wewe can, yeye can," alisema. "Hata wakiwa wengi?"

"Hata wakiwa wengi."

"Neno lina msimamo. Baba yako angejifunza kwake."

Nikamweleza kwamba mtu akitaka chumvi mezani husema, "Can you pass the salt?"

"Ananiuliza kama ninaweza? Kwani ameniona nimepooza?"

"Ndiyo adabu yao, mama. Hapimi nguvu zako, anakuomba."

"Haya. Mkasi, can you?"

Kuanzia hapo kibanda chetu kikawa darasa. Mteja akiharakisha aliambiwa "You must wait," na mama akacheka peke yake, maana lazima ya Kiingereza, alisema, haina hata neno la kuibembeleza. Muuza nyama wa jirani alipoleta tena suruali iliyopasuka makalio, mama alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "You should eat small."

"Mama, unanitukana?"

"Nakushauri. Kutukana bado sijafika."

Nilicheka mpaka nikakata kola upande.

Jumapili moja mama alioga mapema. Kaka alipotokea kwenye kioo cha simu, mama alimwambia, "Leo wewe kaa pembeni. Mpe simu mwenye simu." Kaka akashangaa, akampa mtoto, akaenda zake. Wifi yangu, yaani mkewe, tulimwona nyuma akikunja nguo.

Mama alimwomba mtoto ruhusa, kwa "may" iliyonyooka, aone meno yake. Mtoto akafungua mdomo. La mbele lilikuwa limeng'oka. Akamuuliza kama anaweza kula mfupa. "No!" mtoto alipiga kelele akicheka. Anaweza kuruka? Akaruka, simu ikaruka naye. Mama alinishika goti chini ya meza akalibana. Sijapata kumwona na furaha ya namna ile, hata siku kaka alipofaulu mtihani.

Basi akafika mahali ambapo bibi yeyote wa kwetu angefika. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mtoto wa kiume ni mume wa bibi yake tangu siku anayozaliwa, na mama wa mtoto huitwa mke mwenza, akatishiwa kufukuzwa na vyungu vyake. Mtoto hukua akijua kwamba huo ndio upendo wenyewe. Asiyetaniwa na bibi yake hujiuliza amekosa nini.

"You are my husband," mama akamwambia mtoto. Lazima umwache mwanamke huyo hapo nyuma, akaendelea. Yeye must go. Mimi ninaweza kuja. Ninaweza kumpiga, halafu nitalala kwenye kitanda chake. Aliyasema yote kwa Kiingereza, pole pole, bila kukosea neno, uso umekunjwa kama mwanamke mwenye wivu kweli, jinsi utani unavyotakiwa.

Mtoto hakucheka. Alitugeuzia kisogo akamwita mama yake, akamuuliza kitu kwa sauti ndogo. Tukaona mkono wa wifi, kisha dari. Dari nyeupe, muda mrefu. Kisha hakuna kitu.

"Mtandao," mama alisema.

Jioni kaka alinipigia mimi.

"Mmemfundisha nini mama?"

"Kiingereza."

"Mtoto hajala. Anasema bibi anakuja kumpiga mama yake. Mwenzangu analia huku."

"Kaka, si utani ule? Wewe mwenyewe bibi yetu alikuita bwana mpaka ndevu zikaota. Ulipooa alisusa kula, akasema ameachwa bila talaka. Ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Huku hawana mambo hayo."

"Hawana, ndiyo maana uko wewe. Waeleze."

"Niwaeleze nini? Kwamba mama yangu anamwita mtoto wa miaka sita mume? Unajua watatuonaje?"

Alisema "watatuonaje", lakini hakutuhesabu sisi. Alihofia atakavyoonekana yeye.

Tangu siku hiyo alipiga simu peke yake. Mtoto alikuwa shule, alikuwa kuogelea, alikuwa amelala. Mama aliuliza mara moja tu kuna nini, nami nikamwambia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufichwa. Aliutoa uzi mdomoni.

"Mkamwana wangu alidhani nitampiga kweli? Kwa mikono hii?"

"Hajui utani wetu."

"Mwenye kuujua si analala naye kitanda kimoja?"

Aliniomba nimtungie maneno ya kuomba radhi. Nilimwambia hana kosa. "Najua," alisema, "lakini mwenye mtoto ndiye mwenye mlango." Tukatunga. Alijifunza kusema kwamba hakupaswa kutania, kwamba hatatania tena, kwamba anaomba ruhusa amwone mtoto kidogo tu. May I see him. Aliyarudia juu ya cherehani, mguu ukikanyaga, mpaka yakatoka laini kuliko yote aliyowahi kusema. Hayakuwa na mzaha hata mmoja ndani yake. Kumsikiliza ilikuwa kama kumwona mtu anakatwa nywele kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata alimwambia kaka, "Niitie mkeo, nina maneno ya kumwambia kwa lugha yake."

"Ya nini tena, mama? Subiri kidogo. Mtoto asahau kwanza."

"Asahau mimi au asahau maneno?"

Kaka alicheka, kama mtu aliyeambiwa mzaha.

Mama akasubiri. Alisubiri mwaka huo na mwaka uliofuata, akimshonea mtoto mashati kwa kukisia urefu. Figo zilipoanza kumsumbua, kaka alituma dawa nzuri, siwezi kumnyima haki hiyo. Akiwa amelazwa hospitali alinituma niulize kama sasa mtoto amesahau. Niliuliza. Kaka alijibu kwamba wako kwenye matayarisho ya mitihani. Mama alifariki asubuhi, nesi akibadilisha shuka.

Kaka alikuja kuzika. Alikuja na mtoto, mrefu sasa, amevaa suti nyeusi. Wifi alibaki kwao. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani, na mama mkubwa, dada yake marehemu, alimvuta mtoto katikati ya wanawake waliokaa mkekani.

"Huyu ndiye mjane?" akauliza kwa sauti. "Mbona halii? Au ameshapata mwingine? Njoo nikurithi, bwana wee. Mimi nina meno zaidi ya marehemu!"

Wanawake waliangua kicheko wakiwa bado na machozi. Mtoto alitazama nyuso zote zile, kisha akamtazama baba yake. Nami nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nikasikia.

Kaka aliinama akamwambia, kwa Kiingereza rahisi ambacho hata mama angekielewa chote, kwamba ni mchezo. Kwamba mabibi wa hapa huwaita wajukuu waume zao, na wanawatania hivi kwa sababu wanawapenda.

"So Grandma was joking?" mtoto akauliza.

"Yes. She was joking."

Mtoto akafikiri kidogo. Kisha akacheka, akamgeukia mama mkubwa, akatikisa kichwa kwa nguvu kumkataa, na mkeka wote ukapiga vigelegele kwa bwana harusi mwenye maringo.

Chai kwenye sinia langu haikuwa hata imepoa.

Kaka alinifuata jikoni. "Mbona huniangalii?" akaniuliza.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilimwambia vikombe vimebaki nje, avilete.