Senti Kumi Juu ya Trei

Wivu wa Kitavi ulianzia kwenye stuli. Kwa miaka mingi stuli hiyo ilikaa nyuma ya kaunta yake ya kioo, katika ujia wa jengo kuukuu karibu na Mtaa wa Biashara, ikitazama mlango kama inavyopasa stuli ya mtu anayengoja wateja. Lakini tangu Mwihaki afungue kaunta yake upande wa pili wa ujia, stuli ilianza kugeuka. Ilijisogeza kidogo kidogo, mpaka ikawa inamtazama Mwihaki tu.

Angekuwa mgeni, labda isingeuma hivyo. Lakini Mwihaki alikuwa mwanafunzi wake. Alimjia akiwa hajui rupia wala shilingi, naye Kitavi akamfundisha kushika sarafu kwa ukingo ili jasho la vidole lisiiharibu. Akamfundisha simba yupi aliyechorwa kwenye shilingi za East Africa ana fedha mwilini na yupi anang'aa bure. Akamfundisha na kanuni aliyoiweka juu ya zote: unapotaja bei, tazama sarafu, usitazame uso wa mtu. Siku za mwanzo alimwambia hata ageukie ukuta kabla ya kusema bei, na Mwihaki aligeuka, akicheka.

Sasa soko la sarafu za zamani lilikuwa limelala. Mabwana waliokuwa wakishuka kutoka Westlands na kuondoka na rupia ya Mombasa bila kubembeleza walikuwa wamepotea. Wengine walipunguzwa kazini, wengine walirudi wakitaka kuuza kile kile walichonunua. Kaunta ya Kitavi ilijaa vitu adimu, kila kimoja kizuri, na hakuna aliyeviulizia.

Kwa Mwihaki watu walikuwa wanapanga foleni. Si mabwana, bali vijana wa maofisi ya Kilimani, wenye vitambulisho shingoni, wakitafuta sarafu ya mwaka aliozaliwa mama yao. Mwihaki alikuwa akiitia ndani ya fremu ndogo ya mbao, na chini yake anaandika jina kwa mkono.

"Hayo ni mapambo," Kitavi alijiambia. "Si kazi ya sarafu."

Lakini droo ya pesa ya Mwihaki ilikuwa na mlio. Kila ilipovutwa ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kila ilipolia Kitavi alisikia kitu kikimkwaruza kifuani. Alianza kumchunguza. Ni nani huyu anayemwita nje? Kwa nini hufunga mapema Alhamisi? Siku moja alimwona akimrudishia mzee mmoja mfuko mzima wa sarafu, akimwambia akaziweke nyumbani. Kitavi hakulala vizuri. Mfanyabiashara gani hufukuza mali inayomjia mikononi? Lazima pana mchezo.

Nzisa, mkewe, alimsikiliza akilalamika hadi chai ikapoa.

"Baba Mbithi, si umuulize tu anafanyaje?"

"Nimuulize mwanafunzi wangu?"

"Basi kunywa chai."

Ndipo Mzee Norman alipopiga simu. Huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu wa Spring Valley, mteja wa Kitavi wa kwanza na mkubwa kuliko wote. Karibu kila sarafu aliyokuwa nayo ilipita mikononi mwa Kitavi. Mzee alisema nyumba imekuwa kubwa mno kwake, anahamia Kilimani kwa binti yake Debra, na sarafu zote anauza.

Kitavi aliketi. Kodi ya kaunta ilikuwa imemshinda, na mwenye jengo alikwisha kumwambia kwa upole kwamba kuna muuza simu anayeitaka nafasi ile. Mkusanyo wa Mzee Norman ungemwokoa. Angeuza kidogo kidogo huku na ng'ambo, na kaunta ingebaki yake.

"Nakuja kesho, Mzee."

"Karibu. Debra amemwita na yule binti wa fremu. Alimtengenezea Debra fremu ya sarafu ya mwaka niliozaliwa, Debra akampenda. Mtaangalia pamoja."

Kesho yake Kitavi alifika akiwa amevaa koti la kanisani. Mwihaki alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye meza ya chakula na trei za sarafu mbele yake, anakunywa juisi kama mtu wa nyumbani.

"Niaje, mwalimu," alisema, akainuka kumpa kiti chenye mwanga.

"Salama," Kitavi alijibu, akachukua kiti kingine.

Debra alizifungua trei moja moja. Kitavi alizitambua zote: rupia za Mombasa zenye picha ya mizani, senti za shaba zenye tundu, masimba ya miaka yote. Aliikumbuka siku aliyouza kila moja, na namna Mzee Norman alivyokuwa akizibeba kwa mikono miwili. Angepaswa kutoa lenzi na mzani. Badala yake alimtazama Mwihaki.

Mwihaki alipima polepole, akiwa amewapa mgongo. Alipomaliza alitenga sarafu chache za fedha kando.

"Mzee, hizi nanunua leo. Zina uzito wa fedha, na bei ya fedha haijaanguka. Hizi nyingine usiuze mwaka huu. Nikizinunua nitakupa bei ya mwaka huu, na bei ya mwaka huu ni wizi. Nitakupangia, nikuandikie kila moja ni nini, unilipe ya kazi tu. Soko likiamka, utauza."

"Na likikataa kuamka?" Debra aliuliza.

"Hazili chakula, dada. Zinakaa tu."

Mzee Norman alicheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Kitavi. Kwa miaka yote alimfahamu mzee huyu kama mtu wa kutabasamu kwa mdomo uliofungwa. Alikuwa hajawahi kumchekesha.

Mtego, aliwaza. Anataka mzee amwamini, halafu atarudi peke yake kuchukua zote. Akamwona Mwihaki akinyoosha mkono kuelekea rupia, rupia aliyoitafuta yeye hadi Lamu, na moyo ukamtangulia mdomo.

"Nanunua zote. Laki sita."

Mwihaki aliinua uso.

"Mwalimu, hujapima."

"Nilizipima kabla hujajua kupima."

Akatia mkono mfukoni, akatoa senti kumi yake ya shaba yenye tundu, akaiweka juu ya trei ya kwanza.

Hiyo ilikuwa desturi ya watu wa ujia ule. Kila mmoja hubeba senti kumi yake ya zamani, na anayefunga bei huiweka juu ya trei. Ikishawekwa, hakuna mwingine anayetaja neno. Mwenyewe akija na pesa, huichukua pamoja na mali. Akija kuiondoa bila pesa, basi neno lake si neno tena, na habari huwa imefika kaunta zote kabla ya chai ya saa nne. Ya Kitavi ilikuwa sarafu yake ya kwanza maishani. Mwihaki aliijua. Alifunga mkoba wake.

Walingoja teksi langoni, kila mmoja ameshika simu yake.

"Umenyamaza," Kitavi alisema. Alikuwa na furaha ya moto, kama ya mtu aliyekunywa kitu kikali bila kula.

"Desturi ni desturi."

"Kubali tu umeshindwa."

"Nimeshindwa, mwalimu." Mwihaki alitazama gari lake likikata kona. "Ila ulipotaja bei ulikuwa unanitazama mimi."

Akapanda, akaenda.

Jioni Kitavi alimweleza Nzisa kwamba atahitaji mkopo wa sacco, na kwamba Nzisa atahitaji kumdhamini. Alieleza kwa maneno mengi. Nzisa alikuwa akichambua mboga, na hakuinua kichwa.

"Nikuulize kitu. Kama Mwihaki asingekuwa chumbani, ungesema ngapi?"

Kitavi alikwenda dirishani, akawapa mgongo Nzisa na mboga zake, akatazama ukuta wa jirani kama alivyomfundisha Mwihaki kutazama ukuta. Akazihesabu trei kichwani. Masimba ya mwisho mwisho hayakuwa na fedha hata chembe. Aliyauza mwenyewe, alijua. Rupia zilikuwa nzuri, lakini nani angezinunua? Wale wale waliokuwa wakija kwake kuuza.

"Laki tatu," alisema mwisho. "Na hiyo, kama nina mahali pa kuziuza."

"Unapo?"

Kitavi alitazama tena ule ukuta. Aliona waziwazi jinsi ambavyo angemaliza: kaunta imekwenda, mkopo umebaki shingoni mwa mkewe, na trei za Mzee Norman zimelala chini ya kitanda. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hawakusema utakonda na nani.

"Siwezi kuiondoa ile senti," alisema. "Ujia mzima utanicheka."

"Watacheka," Nzisa alikubali. "Halafu watachoka. Sacco haichoki."

Asubuhi alirudi Spring Valley, safari hii bila koti. Trei zilikuwa pale pale mezani, senti yake juu, na Mzee Norman amekaa mbele yake kama mtu anayekaa na mgonjwa.

"Mzee, nimekuja kuondoa neno langu. Bei niliyosema haikuwa bei ya sarafu hizi. Ilikuwa bei ya hasira yangu."

Mzee Norman hakutabasamu kwa mdomo uliofungwa wala uliofunguka. Debra, aliyekuwa mlangoni, alikunja mikono.

"Jana ulimkatiza msichana wa watu," Debra alisema. "Leo unatuambia ulikuwa unacheza?"

"Sikuwa nacheza, dada. Ni vibaya zaidi. Nilikuwa naona wivu."

Mzee aliisukuma senti kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa trei, lakini hakuitoa.

"Kitavi, nimekuamini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa niambie kweli. Wewe ungekuwa mimi, ungempa nani kazi hii?"

Hapo ndipo ilipomshika. Kuondoa senti kulikuwa aibu ya siku moja. Jina analoulizwa lilikuwa kitu kingine: kumkabidhi mteja wake wa kwanza kwa kaunta ile ile, kwa droo ile inayolia. Angeweza kusema ngoja. Angeweza kumtaja mtu wa Mombasa. Alizitazama sarafu, sarafu tu, kwa muda.

"Mwihaki," alisema. "Alichokuambia jana ndicho ningekuambia mimi, kama ningekuwa natazama mezani. Usiuze mwaka huu. Atakupangia vizuri. Nilimfundisha mimi."

Neno la mwisho lilimponyoka. Mzee Norman alimtazama, kisha akachukua senti ile, akamwekea kiganjani.

Habari zilifika ujiani kabla yake. Mwenye kaunta ya saa alikohoa alipopita. Muuza stempu akamuuliza kama senti yake imepata nauli ya kurudi. Kitavi alifungua kaunta, akapangusa kioo, akangoja droo ya upande wa pili ilie. Ililia. Bado ilimkwaruza.

Alasiri Mwihaki alivuka ujia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afungue kaunta yake. Alishika fremu tupu mkononi.

"Mzee Norman amenipigia. Amesema nisiende peke yangu, niende na mtu anayejua kila sarafu ilitoka wapi. Malipo ya kupanga tunagawa nusu kwa nusu."

"Unanihurumia?"

"Mwalimu, nina mikusanyo ya nyumba tatu ya kupanga wiki hii, kila mtu anahama, kila mtu anapunguza vitu. Nani ananiachia nafasi ya huruma?" Akaiweka fremu juu ya kioo. "Na nimeishiwa shilingi za miaka ya hamsini. Wewe unazo ndoo nzima pale chini, zile za simba wa bure. Watu wanazitaka kwa mama zao."

Kitavi alitaka kusema neno kuhusu mapambo. Badala yake aliitazama ndoo.

"Zitakuwa na vumbi," alisema.

"Tusizisugue. Ulinifunza."

Alipoondoka, Kitavi aliinama na kuivuta ndoo. Kisha akainuka na kuishika stuli, akaigeuza mpaka ikatazama mlango tena. Ilikuwa nzito, imezoea upande ule, na mguu wake mmoja ulikuwa umechimba alama sakafuni. Akakaa, akatoa lenzi, akachukua shilingi ya kwanza kwa ukingo.