Mpiga Pasi Aliyejibana

Inatangazwa kwa wakubwa kwa wadogo, kwa wenye mishahara na kwa waliokwisha kuikopea mishahara yao, kwamba simulizi hii itampa kila atakayeisoma hatua saba za uhakika za kumaliza deni bila kuuza kitanda. Wasomaji wanaombwa wakae vizuri. Hatua zenyewe, zikihesabiwa bila haraka, ni tatu, na ya pili haifanyi kazi.

Jumatatu moja asubuhi, kwenye duka la dobi lililobanana kati ya kinyozi na muuza vipuri, mpiga pasi alikuwa anamalizia kola ya shati jeupe. Kola hupigwa kutoka ncha kwenda katikati, la sivyo hukunjana mwishoni na mwenye shati akaonekana kama mtu aliyelala nalo. Mpiga pasi alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, ya kubebea mabeseni, na mwenye tabia ya kufuata maagizo. Lebo ya nguo ikisema pasi ya vuguvugu, alipiga ya vuguvugu. Ikisema isikamuliwe, haikukamuliwa, hata mwenye nguo akisimama pale akisema wewe kamua tu.

Karani wa ofisi ya mikopo aliingia bila nguo mkononi. Mtu akiingia kwa dobi mikono mitupu, jua ameleta habari.

“Wewe ndiye dada yake yule kijana wa pikipiki?”

“Ndiye mimi. Kuna nini? Amepata ajali?”

“Hapana, mzima kabisa. Amehama mji.”

Mdogo wake alikuwa amekopa fedha za kununulia pikipiki, na dada akatia sahihi ya udhamini, kama ambavyo angetia dada yeyote anayeitwa “Dada” kwa sauti ile. Pikipiki ilikwisha kuuzwa. Fedha zake nazo zilikwisha kuliwa. Miezi mitatu ilikuwa imepita bila malipo yoyote.

“Lakini mkopo ni wake,” mpiga pasi alisema.

“Mkopo ni wake,” karani alikubali. Alikuwa mtu mpole, viatu vyake vinang’aa. “Deni ndilo lako.”

Mpiga pasi alitaja mshahara wake na kuuliza mtu wa mshahara huo hulipaje deni kama hilo. Karani alifikiri kidogo, kisha akasema neno ambalo maofisini husemwa kutwa bila kumdhuru mtu.

“Itabidi ujibane, mama.”

“Sawa,” alisema mpiga pasi. “Nitajibana.”

Kilichomuuma zaidi hakikuwa fedha. Mdogo wake ndiye ndugu pekee aliyembakia. Zamani alikuja kila Jumapili, akanywa chai, akamkejeli kwa namna anavyokunja hata magazeti ya kufungia, akaondoka. Tangu deni lianze kudaiwa hakukanyaga tena pale. Mpiga pasi alipiga hesabu yake rahisi: deni likiisha, aibu itaisha; aibu ikiisha, mdogo wangu atarudi mezani. Alianza kulipa kwa sababu hiyo, na hakuwa na sababu nyingine.

Hatua ya kwanza ilikuwa kopo tupu la maziwa ya unga. Kila asubuhi, kabla hajanunua chochote, aliliwekea sarafu. Sarafu ya kwanza ilikuwa ndogo hivi kwamba kopo halikuona haja ya kulia. Mkono ulipozoea, akaongeza. Aliacha sukari kwenye chai, kisha soda ya mchana, kisha kupanda gari pale ambapo miguu ingefika. Akitamani kitu dukani, alikiambia kisubiri Ijumaa. Ijumaa ikifika, mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa kimeshakata tamaa. Kila mwisho wa mwezi alilimwaga kopo kitandani, akapanga sarafu kwa ukubwa, akazipeleka ofisini.

Wiki ya pili aliona mabega ya gauni yamemshuka. Hakuwa amekonda. Kukonda kunajulikana, kunaanzia mashavuni, na mashavu yake yalikuwa yale yale, viatu navyo vilimkaa vile vile. Kilichopungua ni upana. Bega la kulia na la kushoto yalikuwa yamesogeleana, kama pande mbili za pazia mtu akitaka kulala. Alichukua sindano, akapunguza gauni pembeni, akaenda kazini.

Hatua ya pili ni kumkumbusha aliyekopa. Alimpigia simu jioni moja.

“Dada! Yaani sasa hivi nilikuwa nataka kukupigia!”

“Nimeanza kulipa, mdogo wangu. Ukipata chochote, hata kidogo tu...”

“Dada, mtandao unakata. Nitakupigia baadaye.”

Mtandao haukukata. Ulisikika vizuri sana, na kwenye usikivu huo mtu wa pembeni aliuliza ni nani huyo, na mdogo wake akajibu, “Namba tu.”

Hatua ya tatu ni kurudia ya kwanza.

Dukani hakuna aliyeshangaa. Mfuaji, mwanamke wa maneno mengi aliyekuwa na povu mpaka viwikoni, alimtazama siku moja akipita kati ya mashine mbili za kufulia ambako hata ufagio hukwama.

“Mwenzangu, unapotelea wapi hivyo?”

“Najibana. Nina deni.”

“Aa, deni. Basi ukiwa huko huko niokotee soksi ya yule mwalimu, imeangukia nyuma tangu mwaka jana.”

Aliiokota, pamoja na vifungo vingi na sega la mteja aliyeapa kwamba ameibiwa. Mwenye duka alifurahi. Alisema siku zote alijua yule mama ana kipaji. Wiki iliyofuata alileta mpiga pasi wa pili na kumweka kwenye meza ile ile, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Huyo wa pili alikuwa na tabia ya kutundika mashati kwenye kile alichodhani ni mlingoti.

“Samahani,” mlingoti ulisema.

“Oh, dada, upo? Nisamehe.”

“Nipo.”

Hilo neno “nipo” likawa ndilo alilolisema kuliko maneno yote. Kwenye foleni ya maji watu walisimama mbele yake wakidhani wameona upenyo. Nipo. Jirani wa chumba cha pili alizima taa ya korido mpiga pasi akiwa bado katikati. Nipo. Mvua ikinyesha matone yalimpita huku na huku bila kumgusa, akawa anafika nyumbani mkavu kama nguo iliyotoka kabatini, na hapakuwa na mtu wa kumwambia pole kwa mvua. Kitandani alichukua ukingo mmoja. Sehemu nyingine yote ilibaki imetandikwa, baridi, haina hata kunyanzi moja. Yeye mwenye kuondoa makunyanzi kwa ujira aliligundua hilo na hakulipenda.

Jumapili aliweka vikombe viwili. Alikunywa cha kwake, akasubiri, akaosha vyote viwili.

Deni nalo lilipungua. Hili lisemwe wazi, maana ndilo lililotangazwa. Sarafu zikawa noti ndogo, noti ndogo zikawa noti zisizojikunja, naye alikuwa anazipiga pasi kabla ya kuzipeleka, kwa vuguvugu. Siku aliyopeleka ya mwisho hakufunguliwa mlango wa ofisi ya mikopo, kwa sababu hakuhitaji ufunguliwe. Alipita pale penye mwanga, kati ya mlango na fremu yake.

Karani alihesabu, akagonga muhuri, akatabasamu kwa dhati.

“Hongera sana, mama. Umejibana vizuri. Wangekuwa wote kama wewe, tungefunga ofisi.”

“Asante. Sasa nijiachieje?”

“Vipi?”

“Ulisema nijibane, nimejibana. Limeisha. Nataka kujiachia.”

Karani alifungua droo ya kwanza, akafungua na ya pili. Alikuwa mtu wa kutafuta kweli.

“Hatuna utaratibu huo,” alisema mwishowe. “Sisi tunaishia kwenye kubana.”

Aliporudi nyumbani alipiga simu kabla hajavua viatu.

“Mdogo wangu, deni limekwisha.”

“Lote?”

“Lote.”

“Dada wee! Wewe ni mtu hatari! Basi Jumapili nakuja, chemsha chai.”

Na kweli alikuja. Mpiga pasi alikuwa amenunua sukari bila kuiambia isubiri Ijumaa. Alisikia hodi, akasema karibu, na mlango ukachelewa kujaa mtu, kwa sababu mtu mwenyewe ilibidi aingie kiubavu. Mdogo wake alikuwa amepanuka. Hakuwa amenenepa, tumbo lilikuwa bapa na shingo ya ujana ilikuwa pale pale. Koti lake jipya lilikuwa limekatwa kufuata mabega mapana ajabu, na mpiga pasi, ambaye huweza kujua shati ni la nani kwa kulitandika tu mezani, aliyatazama mabega yale na kuyatambua. La kushoto lilikuwa limeinama kidogo, kwa miaka ya mabeseni. Yalikuwa yake.

“Dada, uko wapi?”

“Nipo. Mbele yako.”

“Ahaa! Umependeza bwana! Umekuwa wa kisasa kabisa, kama wale wa kwenye matangazo.”

Aliketi. Kiti kililalamika, akavuta na cha pili. Alikunywa chai, akasifu sukari, akalikejeli gazeti lililokunjwa mara nne juu ya meza, na dada yake akacheka mpaka machozi yakamtoka, yakishuka moja nyuma ya jingine, kwa kuwa hapakuwa na upana wa kushuka mawili. Ilikuwa Jumapili ya zamani kabisa. Hakumwuliza habari za pikipiki. Hakumwuliza habari za mabega. Alimwongezea chai.

Ndipo mdogo wake akatia mkono ndani ya koti na kutoa karatasi.

“Safari hii ni kadogo tu, Dada. Kabiashara ka simu. Nimepita pale ofisini, yule karani anakusifu! Anasema kwa jina lako watatoa hata usiku wa manane. Hapa chini tu, penye nukta nukta.”

Mpiga pasi aliisoma karatasi kama anavyosoma lebo, mbele na nyuma. Kisha akaikunja mara nne na kumrudishia. Alisimama wima, akamwambia mdogo wake kwamba dada si ng’ombe wa kukamuliwa, kwamba mabega hayo ayavue ayaache pale kitini, na atoke. Mdogo wake akalia. Akayavua. Mpiga pasi akayavaa, akajaa tena kwenye gauni lake la zamani, akafungua dirisha, na tangu siku ile...

Hapa kuna msomaji anayeuliza, naye ana haki ya kuuliza, mtu mwembamba kama rula alimtoaje nje mtu aliyekalia viti viwili. Na mwingine anauliza, kama mabega yalirudi, ni nani yule ambaye mpaka leo mfuaji humtuma nyuma ya mashine kuokota soksi. Msimuliaji amebanwa. Alikuwa anatumaini wasomaji wa namna hiyo wamekwisha kusinzia. Anakiri kwamba hakuna kilichovuliwa Jumapili ile, hata koti, na kwamba habari za ng’ombe alizitunga mwenyewe kwa sababu aliona aibu kumwacha yule mama pale mezani vile alivyomwacha.

Ilivyokuwa ni hivi. Mpiga pasi aliishika karatasi akauliza, “Nikishatia, utaondoka?”

“Nitamalizia chai kwanza, Dada.”

Akalirudisha sufuria jikoni, akaichemsha chai upya mpaka ikatokota, akakijaza kikombe cha mdogo wake hadi ukingoni. Kisha akatia sahihi. Ilitoka nyembamba, lakini ilisomeka.

Chai ilikuwa ya moto sana. Mdogo wake alikaa mpaka ikapoa.