Ndengu Kumi kwa Kitambaa Kibichi

Mimi Wayua sitaficha: ni mimi niliyeitisha mkutano wa kumfukuza Mwalimu Kitheka. Shule yetu hapa Matinyani, wazazi ndio waliomwandika, nami nikaapa wazazi ndio watamtoa. Shule jirani watoto wanakariri majibu ya mtihani mpaka usingizini. Daftari la mwanangu Kasiva lilikuwa jeupe. Kila akisema jambo darasani, mwalimu anamuuliza, "Umejuaje?" Sasa huyu kazi yake ni kufundisha ama kuuliza? Nilikasirika sana.

Wiki hiyo mawingu yalishakusanyika. Nikatoa jerikani ya mbegu za ndengu nilizoweka tangu mavuno, nikasema Jumamosi tunapanda shamba lote. Kasiva akauliza kama zitaota. Nikamwambia zitaota, mbegu ni zangu.

"Mama, umejuaje?" akasema kwa adabu.

Aki ya Mungu, nilikaribia kumzaba kofi. Yeye akahesabu ndengu kumi, akazifunga kwa kitambaa kibichi, akaziweka jikoni. Kila asubuhi alikilowesha tena, akaandika kitu kwa lile daftari jeupe.

Siku ya nne akanifungulia. Mbili zilikuwa zimeota. Nane zimeoza, zinanuka. Kosa lilikuwa langu: nilizifungia kwa jerikani kabla hazijakauka vizuri, nikikimbilia mkutano wa injili. Na mvua ya kwetu hairudi mara ya pili. Ningepanda hizo, tungelala njaa mwaka mzima.

Nikamuuliza mwalimu aliwafunza hayo lini. Akasema hakuwafunza. Aliwauliza tu mtu anawezaje kujua mbegu ni nzima kabla ya mvua, akawaacha wabishane wiki nzima. Kitambaa walikifikiria wenyewe.

Kesho yake wazazi walijaa shuleni kwa ule mkutano wangu. Mwenyekiti wetu, Mutisya, akanipa nafasi ya kwanza kwa sababu mashtaka ni yangu. Mwalimu Kitheka alikaa pembeni, mikono magotini, kama mtu ambaye ameshafunga virago. Nikafungua kitambaa mezani, nikasema yote, hata aibu ya jerikani.

Mutisya akakohoa. Akasema mambo ya ndengu ni sawa, lakini bila kukaririshwa majibu watoto wetu wataanguka mtihani.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Nikawageukia wazazi wote. Nikawaambia kura ya kumtoa mwalimu haipigwi mpaka mtu anijibu, na sikuketi.

Mpaka leo hakuna aliyenijibu. Mwalimu Kitheka yuko darasani.