Jina la Apo Kwenye Skrini

Sitaki mtu aniambie tena kwamba tulifanya vile kwa nia njema. Nia njema ninayo mpaka leo, na haijanisaidia kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mwaka 2018. Mama alikuwa amemaliza wiki mbili nyumbani kwangu Mesquite, huku Amerika, tangu afike kutoka Bukoba, na siku hiyo nilitakiwa kumpeleka kwa mdogo wangu Apolonia, Pearland, kusini mwa Houston. Apo alikuwa nesi. Jumatano alilazwa kwa sababu ya damu kuganda mguuni, na hilo Mama alilijua. Alijua pia kwamba mwanawe anaendelea vizuri, maana Ijumaa jioni waliongea kwa video dakika arobaini nzima, wakacheka mpaka nesi wa zamu akaja kuwanyamazisha. Jumamosi saa tatu asubuhi shemeji yangu Method akanipigia. Donge la damu lilikuwa limepanda kwenye mapafu. Apo hayupo.

Nilikuwa gereji. Nilikaa chini sakafuni, kati ya matairi ya zamani na madumu ya sabuni. Ndani nilimsikia Mama anaimba huku anapiga pasi kitenge chake cha safari.

"Hospitali wamekubali tubaki naye chumbani," Method alisema. "Mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo wanampeleka mochwari. Deo, mlete Mama amkute kitandani. Amshike mkono akiwa bado kitandani kwake. Nakuomba, shemeji."

Saa kumi. Kazi niliyopewa siku ile ilikuwa hiyo moja tu, kumfikisha mama yangu mzazi kwa mwanawe kabla ya saa kumi. Kutoka kwangu mpaka pale ni mwendo wa saa nne. Mtoto wa shule angeweza kupiga hesabu hiyo.

Nikampigia baba mdogo Vital, anayeishi Minnesota, ambaye ndiye tunayemtegemea kwa mambo ya ukoo huku ugenini. Hakunipa hata nafasi ya kulia. "Usithubutu kumwambia mama yako njiani," alisema. "Ana presha yule. Afike kwanza, akae, apewe maji, padri awepo, na wanawake wa kumshika wawepo. Ndivyo tunavyofanya."

Na kweli ndivyo tunavyofanya. Baba alipofariki mimi nilifuatwa shule ya bweni nikaambiwa mzee anaumwa kidogo. Nikasafiri siku nzima nikipanga nitamwambia nini kuhusu mtihani wa hesabu. Nilijua ukweli nilipoona turubai uani. Sikuwahi kujiuliza kama nilipenda kufanyiwa vile. Nikamjibu baba mdogo, sawa, nimekuelewa.

Mke wangu Kerubo alirudi kutoka zamu ya usiku wakati huohuo, bado amevaa sare. Nilimweleza hapo hapo gereji. Yeye ni Mkenya, Mkisii, na maneno yake huwa hayazunguki. "Kuna ndege za Houston siku nzima," alisema. "Mwambie ukweli, mpande ndege, saa nane mko naye."

"Nikimwambia tunapanda ndege atauliza haraka ya nini. Mpango ulikuwa gari."

"Basi mwambie haraka ni ya nini."

"Kerubo, kwetu hatufanyi hivyo."

"Hata kwetu tunaficha, Deo. Na mimi nakuambia ni upuzi. Ni mtoto wake!"

"Na yeye si mama yako," nikamjibu. Nilitamani kulirudisha neno lile hata kabla halijamfikia. Alinitazama, akaingia ndani kuchemsha chai ya njiani. Tulipoondoka alimkumbatia Mama muda mrefu sana, kisha akageukia ukutani akijifanya anatafuta ndala.

Saa tano kamili tukawa barabarani. Gari langu nililinunua mwaka ule ule, na lina skrini katikati. Ukichomeka simu kwa waya, ramani inatokea pale, na sauti ya mwanamke inakuelekeza. Ilisema tutafika saa tisa na dakika kumi. Muda ulikuwepo. Shida ni kwamba ukishachomeka, kila kinachoingia kwenye simu kinaingia na kwenye gari. Anayepiga, jina lake linatokea mbele ya macho ya wote na sauti yake inatoka kwenye spika za milango yote minne. Tayari pole zilikuwa zimeanza kumiminika kwenye kundi la Watanzania. Nikachomoa waya, nikazima na bluetooth. Kuzima simu yenyewe nisingeweza, Method angenipataje? Barabara ya Houston ni moja tu, imenyooka, ya nini ramani? Nikaitia simu mfukoni, ikawa inanitetemesha paja.

"Yule binti leo kanuna?" Mama aliuliza. Binti ni ile sauti ya ramani. Kwa wiki mbili Mama alikuwa ameshaizoea na kunigombeza kwamba inatuelekeza kutwa nzima na hatuiambii hata asante. Alikuwa amejifunza pia kubonyeza kitufe cha kijani kwenye skrini kila Kerubo alipopiga, na jambo hilo lilimpa raha kama mtoto.

"Kapumzika, Mama. Njia naijua."

"Haya. Basi nipigie Apo nimsalimie."

"Huku mtandao unasumbua."

"Mawe!" alishangaa kwa Kihaya. "Amerika yote hii hakuna mtandao?" Akacheka, akanipiga kofi begani. Mapajani alikuwa amepakata kopo la senene alilolitoa Bukoba kwa ajili ya Apo, amegoma kuliweka kwenye buti. Alikuwa na uhakika kwamba chakula cha hospitali hakina chumvi na ndiyo maana mtoto hapati nguvu.

Tulipofika mji wa Corsicana Mama akataka choo, kisha akataka aiskrimu. Ningemwambiaje hatuna muda? Mtu anayekwenda kumwona mgonjwa anayeendelea vizuri ana muda. Nikanunua aiskrimu. Mama alikaa kwenye benchi akaila taratibu, akimsifia muuzaji nywele zake, na mimi nimesimama pembeni natabasamu. Ndiyo, nilitabasamu. Dakika ishirini na tano ziliondoka pale, na kila moja naikumbuka.

Karibu na Madisonville tukakuta magari yamesimama. Trela lilikuwa limepinduka likaziba njia yote. Tulikaa palepale saa nzima. Nilikuwa natokwa jasho na kiyoyozi kinavuma. Mama alinifuta shingo kwa leso yake, akasema, "Baba, tulia. Hospitali haihami." Nilitamani kufungua mlango nikakimbilie porini nipige kelele.

Saa tisa kasoro sikuwa na ujanja tena. Njia za pembeni sizijui. Nikarudisha waya. Skrini ikawaka, binti akaamka, Mama akampigia makofi. Ramani ikatuchepusha kwenye barabara nyembamba ya mashambani, ng'ombe huku na huku, na nyuma yetu na mbele yetu kulikuwa na msururu wa watu waliopewa ushauri uleule na simu zao. Kufika, ikasema, saa kumi na dakika ishirini. Nikajiambia Method atawabembeleza. Baadaye ikasema saa kumi na nusu. Halafu saa kumi na dakika hamsini. Nilikuwa naangalia zile namba kuliko nilivyoangalia barabara.

Saa kumi juu ya alama, ramani ikapotea kwenye skrini. Mahali pake pakatokea picha ya Apo amevaa sare ya kazi, anacheka, na jina lake chini kwa herufi kubwa. Gari zima likaanza kuita.

Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Nikasema kumbe walikosea. Kisha akili ikarudi. Method alikuwa amewapigia watu tangu asubuhi mpaka simu yake imezima, na namba za Watanzania wote wa Houston zimo kwenye simu ya Apo. Kila mmoja wetu angefanya hivyohivyo.

"Si huyu Apo!" Mama alipiga kelele ya furaha. "Na wewe unasema hakuna mtandao! Pokea, baba."

"Mama, ngoja, nitampigia mimi..."

Kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kijani.

"Deo, mko wapi?" Sauti ya Method ilitoka kwenye milango yote, hata hakusubiri salamu. "Wamekuja kumchukua. Wako mlangoni na kitanda chao. Nimewaomba wamsubiri mama yake, wanasema mwili hauwezi kukaa hapa zaidi ya saa kumi, ndivyo tulivyokubaliana. Deo? Unanisikia?"

Mkono wa Mama ulibaki palepale hewani.

"Mwili wa nani?" aliuliza.

Method akaita jina langu, mara moja tu.

"Method, mwanangu. Mwili wa nani?"

Tukamsikia analia. Nikalitoa gari barabarani, nikalisimamisha kwenye nyasi kando ya waya wa shamba. Magari ya nyuma yakatupita taratibu, watoto wakituchungulia.

"Mama," nilianza, "tuliogopa presha yako, baba mdogo alisema..."

"Nyamaza." Hakupaza sauti. "Ulijua?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Akaitazama saa yake ya mkononi. Aliitazama muda mrefu, na midomo ikitembea. Kisha akasema, "Nimekula aiskrimu." Akasema tena, "Mwanangu amekufa na mimi nimekaa kwenye benchi nakula aiskrimu." Nilidhani sasa atapiga yowe, nikajiandaa kumshika. Hakupiga. Aliisogelea skrini.

"Method, hao watu bado wapo?"

"Wapo, Mama."

"Waambie mama yake anataka kusema na mtoto. Halafu mwekee simu sikioni."

Tulimsikia Method anawaeleza kwa Kiingereza, akikwama kila baada ya neno. Mtu wa pili akajibu kwa upole, chukueni dakika chache. Tukasikia hatua, shuka likisogezwa, kisha kimya. Kile kimya kilijaa ndani ya gari. Kulikuwa na mvumo mdogo tu wa kiyoyozi cha chumbani.

Maikrofoni ya gari iko juu, karibu na taa. Mama hakujua. Aliinama mpaka paji la uso likagusa skrini, akaongea na ile picha, na mimi sikumrekebisha. Aliongea Kihaya. Alimwita Kokugonza, jina la utotoni ambalo yeye peke yake alikuwa bado analitumia. Alimwomba msamaha kwamba amechelewa. Alimwambia kwamba hakujua, kwamba alikuwa anacheka njiani kwa sababu hakujua, asije akafikiri mama yake alisikia akacheka. Alimwambia amekuwa mtoto mwema, hajawahi kumpa shida, na aende asiogope, baba yake yuko huko. Mengine niliziba masikio. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na nimeziba masikio kwa viganja viwili kama mtoto.

"Mama," Method alisema hatimaye. "Wanasema..."

"Nimesikia. Wamchukue."

Magurudumu yakalia juu ya sakafu. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Method akakata simu, au ilikatika yenyewe. Picha ikaondoka, ramani ikarudi, na ule mstari wa buluu ulikuwa bado unaelekea hospitali.

"Tuendelee, Mama?"

"Endesha."

Nikaendesha. Mimi ndiye niliyelia, njia nzima mpaka tukarudi kwenye barabara kubwa. Yeye alikaa ameshikilia mkanda wa kiti kwa mikono yote miwili, anatazama mbele. Nilimwomba msamaha mara tatu, nne, sikumbuki. Tulipokaribia Conroe ndipo aliponigeukia.

"Tangu saa tatu alikuwa amelala kitandani kwake," alisema, polepole, kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi mzito. "Mume wake yuko pembeni yake. Simu ipo. Na wewe una gari linaloongea. Ningezungumza naye kutoka Mesquite mpaka hapa, Deo. Njia nzima ningekuwa naye."

Nikaendelea kuendesha.

"Mmenipa dakika nne."