Shukrani Zilizokula Kikao

Saa sita na dakika thelathini na tano, Mbunge wa Mafundi alikuwa ameshatafuna kifuniko cha kalamu yake hadi kikawa bapa. Jina hilo wenzake walimbandika kwa dhihaka, kwa kuwa kabla ya siasa mwanamke huyu alifundisha uchomeleaji, na makovu ya cheche bado yalikuwa mikononi mwake.

Muswada wa mafunzo ya ufundi ulisema asiye na cheti cha ufundi asiendeshe karakana, na asiye na cheti cha sekondari asiruhusiwe kufanya mtihani wa ufundi. Yeye alileta marekebisho ya mstari mmoja: anayeijua kazi apewe mtihani, hata kama aliishia shule ya msingi. Kura isipopigwa kabla ya kengele ya saa saba, marekebisho yangekufa kifo cha mende, na kesho muswada ungepita ulivyo.

Juu, kwenye viti vya wageni, alikaa kaka yake, mchomeleaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili, aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Leo alifunga karakana, akavaa koti lake la harusi, akaja kuona kama ataifungua tena.

Wapinzani hata hawakumsumbua. Waliomtia wazimu ni waliomuunga mkono.

"Mheshimiwa Spika," alisema mzee waliyemwita Bomba, maana akifunguka hafungiki, "kwanza namshukuru Mungu kwa kuniamsha. Pili nakushukuru wewe kwa kuniona. Tatu, mke wangu..."

"Kwa kukuvumilia!" mtu alidakia.

"...na wapiga kura wangu, na daktari wa goti langu la kushoto."

Dakika saba zilikuwa zimekwenda, na goti la kulia bado.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Mbunge wa Mafundi alisimama.

Spika alishusha miwani. Taarifa ni ya kumkatiza anayekupinga. "Unampa taarifa anayekuunga mkono?"

"Ndiyo. Nampa taarifa kwamba nimeshaungwa. Naomba aendelee kuniunga akiwa ameketi."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

"Binti yangu, umenikata kabla sijafika kwenye hoja!"

"Baba, hoja inakusubiri tangu asubuhi."

Bomba alikuna kipara, akacheka. "Taarifa naipokea. Hata goti limechoka." Akaketi.

Spika alimpa mwenye hoja dakika tatu za kuhitimisha. Alikuwa na kurasa kumi na moja. Akafunua ya kwanza: shukrani. Ya pili: shukrani. Ya tatu, shukrani tena, kwa mwandiko wake mwenyewe. Uso ulimwaka moto. Akazilaza zote mezani.

"Mheshimiwa Spika, madawati ya shule jimboni kwangu yalichomelewa na mtu ambaye sheria hii inasema si fundi. Watoto wameyakalia miaka kumi, hayajalegea hata mguu. Mpeni mtihani. Akishindwa, mfungieni. Naomba kutoa hoja."

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo!" Bomba aliisema mara mbili.

"Wasioafiki?"

Sauti chache, za kivivu.

"Walioafiki wameshinda." Kengele ikalia juu ya neno la mwisho.

Nje, getini, kaka alikuwa akimsubiri. "Kwa hiyo Jumatatu nafanya mtihani?"

"Bado, kaka. Muswada wenyewe upite, usainiwe, kanuni ziandikwe, watahini wateuliwe..."

"Ngoja kwanza. Leo mmefanya nini?"

"Leo hatujakufungia."

"Asubuhi nzima? Na makoti yote yale?"

"Na makoti yote yale."

Kaka alishusha pumzi, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo cha geti. "Aliyechomelea hapa ana cheti?"

"Tena cha daraja la kwanza."

Alilitikisa. Geti likalia kama mbuzi. Kaka alivua koti la harusi, akambebesha mdogo wake, akaanza kutembea.

"Mwambie huyo mwenye cheti aje karakana," alisema bila kugeuka. "Mchana huu nitakuwa nimefungua."