Kikombe cha Baruti Nyuma ya Birika

Wifi yangu Philomena na mimi tunapendana mwaka mzima isipokuwa wiki moja ya mwezi wa sita. Wiki hiyo chama chetu cha shabaha kinashindania kengele. Ni kengele ya ng'ombe, ya shaba, kubwa kama ndoo. Anayeshinda anakaa nayo mwaka mmoja, na anayeshinda mara tatu hairudishi tena, ni yake mpaka kaburini. Philomena alikuwa ameshinda mara mbili. Mimi mara mbili. Mwaka huu wengine walikuja kula soseji tu.

Tunapiga kwa bunduki za zamani, zile walizobeba jeshini babu za babu zetu, zinazokula baruti nyeusi na kutapika moshi. Risasi zake huzipati dukani. Unazijaza mwenyewe, na sheria inasema utapiga zile ulizojaza kwa mkono wako. Sasa, kalibu ya kumiminia vichwa vya risasi iko moja tu katika ukoo, ya marehemu baba mkwe, na iko kwangu kwa sababu niliolewa na mwanawe Meinrad. Jambo hilo Philomena hajalisamehe. Basi kila mwaka, Ijumaa mchana, mahasimu wawili tunakaa meza moja ya jikoni.

"Shikamoo, wifi," nilimwambia alipoingia.

"Marahaba," akajibu, akachukua kiti kizuri.

Kitabu cha chama kinasema yeye ni wa mwaka arobaini na tisa na mimi ni wa hamsini na moja, kwa hiyo kwa miaka hamsini nimempa shikamoo yake bila kukosa, na yeye kwa miaka hamsini ameipokea kama malkia.

Tukaanza. Fataki mpya kwenye kitako cha ganda. Baruti, kwa kipimo cha kikombe kidogo cha shaba. Juu ya baruti, semolina, ile ile ya uji, kujaza nafasi iliyobaki. Mwisho kichwa cha risasi kilichopakwa nta na mafuta ya kondoo.

"Zenz, mkono unakutetemeka," akasema Philomena, akilikata jina langu Kreszentia kama kawaida.

"Ni meza inatetemeka, wifi. Umeiegemea."

"Uniite mnene waziwazi basi!"

"Mimi? Nimesema meza ni dhaifu."

Tulijaza kumi kumi, kila mtu akizipanga kwenye trei lake tupu la mayai. Akaenda zake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naosha birika la kahawa nikaona, nyuma yake, kikombe cha shaba. Kimejaa baruti mpaka ukingoni.

Baruti iliyopimwa ikabaki kikombeni maana yake kuna ganda moja halikupata baruti. Lina semolina tupu! Na risasi ya namna hiyo ni hatari kuliko risasi nzima. Fataki peke yake inakisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kinakwama pale. Mpigaji anadhani imegoma tu, anatia nyingine, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na jicho lake.

"Meinrad! Mizani!"

Semolina ni nyepesi kuliko baruti, kwa hiyo ganda la uji lingejulikana kwa uzito. Tukapima zangu kumi, moja moja, Meinrad akisoma namba na miwani imemshuka puani. Zote sawa.

Mume wangu akanitazama. "Basi iko kwa dada yangu."

"Iko kwa dada yako."

Sitajifanya malaika. Nilikunywa kahawa funda moja, nikaiwaza ile kengele ikining'inia juu ya mlango wangu. Funda moja tu. Halafu nikatazama saa. Philomena alikuwa zamu ya kwanza, saa tatu kamili, na ilikuwa saa tatu na dakika mbili!

Meinrad aliendesha gari kama mwizi. Mimi nimepakata bunduki na trei la mayai, kila kona nikimwita mtakatifu mwingine. Kabla gari halijasimama nimesharuka. Moshi mweupe ulikuwa umetanda juu ya majani, na kule mbali kibao chekundu cha msoma shabaha, anayeonyesha risasi imepata wapi, kilikuwa kinapungwa. Philomena amelala kifudifudi kwenye mkeka wake. Amepiga nne. Anatia ya tano.

"Philomena, acha! Usifyatue! Moja haina baruti!"

Hakugeuka hata kichwa. "Mwaka juzi ulisema sketi yangu imechanika. Mwaka jana, nyigu kwenye kola. Leo baruti. Kwenda zako, Zenz."

"Wallahi safari hii ni kweli!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akapiga makofi. Nikaona kidole cha Philomena kinaelekea kwenye kifyatulio, nikafanya lililobaki: nikapita mbele ya mkeka na kusimama mbele ya mtutu.

Hapo kicheko kilikatika. Domini, msimamizi wa shabaha, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakawa mekundu. "Bunduki chini! Kreszentia, una wazimu?"

"Pima risasi zake. Kama zote ni nzima, kengele ni yake, mimi sipigi hata moja. Mmesikia wote!"

Mpishi akaleta mizani anayopimia soseji. Zikawekwa, moja baada ya nyingine, watu wamesongamana kama kuku kwenye mahindi. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zote sita zilizobaki, sawasawa kabisa.

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kilisikika ng'ambo ya bonde. Lakini Philomena hakucheka. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Kile kikombe," akasema, "nilikijaza mimi."

"Ati?"

"Jana, ulipokwenda chooni. Nilijua utakiona, utapima zako, utakuta nzima. Halafu utakaa kimya na kusubiri. Na mimi ningewaambia wote, baada ya kushinda, Zenz ni mtu wa namna gani."

"Na sasa?"

Akatazama miguu yangu. "Sasa umekuja na slipa za nyumbani. Domini, kengele ya bure siitaki. Aache ujinga, apige."

Akalala tena, akamaliza sita zake. Tisini na mbili.

Zamu yangu. Niliweka shavu kwenye mti wa bunduki, bega likapigwa teke, moshi ukanifunika, nikasubiri kibao. Tisa. Kumi. Tisa. Nane, nikatukana kidogo. Tisa. Kumi. Tisa. Tisa. Tisa. Nilihitaji kumi ili nimfikie. Watu walinyamaza mpaka nikasikia soseji zikikaangwa. Nikafyatua. Moshi haukutaka kuondoka, nikaupuliza kwa mdomo kama kichaa. Kibao chekundu kikapanda, kikasimama katikati kabisa.

"Kumi! Tisini na mbili!" Meinrad akarusha kofia, ikaangukia kwenye haradali.

Domini akafungua kitabu. "Wakilingana, kengele inakwenda kwa aliye mkubwa kwa umri. Philomena, arobaini na tisa. Kreszentia, hamsini na moja. Kwa hiyo..."

Philomena akanyoosha mikono.

"Ngoja," nikasema. "Mimi ni wa arobaini na saba."

Wakaanza kucheka upya. "Huyo tena!" Mtu mmoja hata akanipa pole. Meinrad peke yake alikuwa anachunguza viatu vyake. Kusema kweli mara mbili siku moja, na mara zote mbili usiaminiwe, karibu niugue. Nikatoa kitambulisho pochini, nikampa Domini. Akakisoma. Akakigeuza. Akakisoma tena.

"Ni wa arobaini na saba," akasema taratibu.

"Mama mkwe hakutaka mke anayemzidi mwanawe umri, basi nikapunguza minne," nikaeleza. "Waliojua ni Meinrad na padri tu."

"Miaka hamsini!" Philomena akapiga kelele. "Miaka hamsini unanipa shikamoo!"

"Nawe uliipokea, mwanangu."

Kengele ilikuwa nzito, tuliishika wawili kuipeleka garini, nayo ikilia kila hatua. Kwenye mlango wa gari Philomena akasimama, midomo ameibana kama anayemeza dawa.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nikasingizia vizibo vya shabaha, kwamba bado viko masikioni. Nikamwomba arudie.