Kijiko Kwenye Ukingo wa Tangi

Pale kituoni kila mtu alijua kwamba Meneja na shemeji yake hawapikiki chungu kimoja, na kwamba kisa chenyewe ni kijiko. Shemeji huyo, mdogo wa mume wake, alikuwa mlishaji wa samaki. Kabla ya kumwaga chakula aligonga ukingo wa tangi kwa kijiko cha chuma, taratibu, ka-ka-ka, mpaka vifaranga wote wapande juu midomo wazi. Ndiyo maana wakambandika jina la Kijiko. Meneja naye walimwita Pilipili, ila hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni.

Samaki wenyewe, wadogo, wenye mapezi mekundu, walikuwa wametoweka mtoni kabisa, na kazi ya kituo ilikuwa kuwazalisha na kuwarudisha. Mwaka uliopita waliwarudisha kweli. Chini kidogo ya pale walipowaachia, kina mama walikuwa wanaosha masufuria, chuma kikigonga jiwe. Samaki wakasikia wanaitwa mezani. Wakaja wote, na kina mama wakawachota kwa chujio. Wangelaumiwa vipi? Kitoweo kilijileta chenyewe.

Tangu siku hiyo Meneja alipiga marufuku kijiko. Chakula kipite kwenye bomba, mlishaji asionekane, na kila anayepita achape maji kwa fimbo ili samaki wajifunze kukimbia. Safari hii hapakuwa na mchezo. Samaki wazazi walikuwa wamezeeka, hawatagi tena. Hawa wa tangi la mwisho wakiliwa, basi, aina hiyo imekwisha duniani.

Siku moja kabla ya kuwapeleka, Meneja alikuwa anakagua tangi hilo, funguo zikamponyoka zikagonga ukingo. Maji yakachemka kwa midomo. Alisimama akiwatazama wanavyomwomba chakula, na hasira ikampanda hadi masikio yakawaka moto. Alimwita Kijiko kwa sauti iliyofika mpaka getini.

Kijiko alikuja akijifuta mikono kwenye ovaroli.

"Bado unagonga," alisema Meneja.

"Nagonga kidogo tu, shemeji. Ukiwa umeondoka."

"Nilisema nini mimi?"

"Ulisema tuwatishe. Hawa nimewalea tangu mayai. Mimi wananijia, wewe wanakukimbia. Sasa hapo nani mwenye shida?"

"Mwenye shida ni anayeliwa. Na anayeliwa ni yule anayemjia mtu."

"Una roho mbaya. Hata kaka anajua, ananyamaza tu."

Hilo lilimchoma Meneja pabaya, kwa sababu alishawahi kulishuku. Alimpigia simu dereva wa kuwapeleka samaki, akamwambia asije mpaka aitwe, kisha akachukua wavu mdogo wa mpini, akasimama upande wa pili wa tangi.

"Toa kijiko chako. Gonga."

Kijiko alielewa papo hapo, uso ukamsawijika. "Gonga mwenyewe."

"Kugonga kwako ndiko wanakokujua. Gonga, au getini ni kule, kaka yako nitamweleza mwenyewe."

Akagonga. Wakaja, maskini, mbio mbio kama kawaida yao, na Meneja akawazoa kwa wavu, akawainua hewani mpaka wakaanza kutweta, akawatupa tena majini. Kisha akasema, "Tena." Ikawa hivyo asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Wengine walikufa. Kijiko alilia, tuseme ukweli, mtu mzima na ndevu zake, na Meneja alimwacha alie ilimradi mkono usisimame. Wafanyakazi wengine wakawa wanapitia nyuma ya stoo ili wasione.

Hatimaye Kijiko aligonga, na maji yakabaki tuli. Samaki walikuwa wamejibana chini, kwenye kona ya mbali. Meneja alifurahi, furaha ya kweli, hata akamshika shemeji yake bega. Kijiko alilitoa bega lake.

Siku ya kuwaachia, mtoni kina mama walikuwepo na masufuria yao. Meneja hakuwafukuza, kwani alitaka wawepo. Mifuko ikafunguliwa, samaki wakazama. Masufuria yakagonga mawe, na hakuna kilichopanda juu.

"Mwaka huu mmetuletea samaki wenye maringo," alisema mama mmoja, na wenzake wakacheka.

Kijiko aliingia majini mpaka magotini, akainama, akagonga ndoo tupu kwa kijiko chake. Ka-ka-ka, polepole, kama alivyowagongea walipokuwa wadogo kama punje za mchele. Karibu na miguu yake pezi jekundu liligeuka, likatokomea. Akagonga tena. Alikaa hapo muda mrefu, na Meneja hakumkataza. Alipotoka, alimwekea Meneja kijiko mkononi.

"Shika. Kimekuwa chako."

"Wataishi, shemeji."

"Najua," alisema Kijiko. "Ndicho kinachoniuma."

Akashika njia kwa miguu, suruali ikichuruzika maji, ingawa kituo kilikuwa mbali. Garini Meneja alikaa na kijiko mapajani, bado kimelowa. Alikuwa ameshinda, na hakuwa na wa kumwambia. Walipomkuta Kijiko mbele, barabarani, dereva akapunguza mwendo.

"Nafasi ipo. Tumchukue?"

"Mpigie honi," alisema Meneja.

Dereva akapiga honi, taratibu, mara mbili. Kijiko hakugeuka. Aliacha barabara, akaingia majanini, akasimama huko mbali mpaka gari likapita.